Mguu wa Mpiga Nyatiti

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi ni ile ambayo mdogo wangu Akinyi alicheka mbele ya video ya mama, kisha akalia. Mwanangu, sina mvi nyingi, ila kifungua mimba akifiwa na wazazi huzeeka kabla ya wenzake. Keti nikusimulie.

Mama aliimba kwenye harusi huko Kendu Bay, akisindikizwa na Mzee Odongo, mpiga nyatiti, kinanda cha Kijaluo cha nyuzi nane. Mtu alimpiga video kwa simu, lakini upepo wa ziwa ukameza sauti yote. Bahati nzuri Mzee alikuwa na kinasa sauti chake kando, kama desturi yake. Mwaka uliofuata mama alitutoka, baba akiwa ametangulia. Niliacha shule, nikapata kazi ya kuhariri video za harusi kwenye kibanda Homa Bay, nikalea wadogo zangu. Akinyi alikuwa bado ananyonya. Hakuijua sauti ya mama. Nikaapa nitaiunganisha ile sauti na ile picha, ili siku moja amwone akiimba.

Niliifanya kazi hiyo peke yangu, nikishafunga kibanda. Wadogo zangu wa kiume walishatawanyika, mmoja kisiwani Remba akivua omena, mwingine Migori. Nilizoea kutomwomba mtu kitu.

Akinyi alipofikia umri wa kwenda shule, nilimwonyesha. Mwanzo wa wimbo ulikaa vizuri. Mwishoni mama alifunga mdomo, na sauti bado inaimba.

"Dada, anaimba kwa pua?" Akinyi akacheka. Halafu machozi yakamtoka. "Kumbe hata wewe hujui alivyoimba."

Neno hilo lilinichoma. Nikaikata sauti neno kwa neno, nikilazimisha kila kipande kikae mdomoni. Wimbo ukafa kabisa. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu. Nikabeba kompyuta yangu hadi kwa Mzee Odongo.

Alitazama hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Nyathina," akasema, kama wazee wa kwetu wanavyomwita mtoto wao, "umemkatakata mama yako kama samaki mbuta wa sokoni."

"Mzee, midomo inakataa."

"Nani alikutuma kwa midomo? Mama yako alikuwa anageuka kila saa kuwatania wanawake wenzake. Tazama mguu wangu hapo kwenye video. Ama ni mchafu sana?"

Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kugonga nayo mti wa chombo chake. Pigo hilo unaliona na kulisikia papo hapo. Miaka yote hiyo niliukodolea macho uso wa mama, sikuyashusha. Mtaka cha mvunguni huinama.

Niliirudia sauti nzima, ambayo haijakatwa, nikaweka pigo la kwanza mahali pake.

"Na la mwisho?" Mzee akauliza.

La mwisho lilikuwa limechelewa. Simu na kinasa sauti havikwenda mwendo mmoja, viliachana polepole bila mtu kujua. Nikaibana sauti yote kidogo, hadi pigo la mwisho nalo likakaa.

Mzee alinimiminia chai. "Tangu tumzike hujakanyaga hapa," akasema. "Ulidhani msiba ni wako peke yako?"

Nikarudi nyumbani na kompyuta yangu.

Nilimwonyesha Akinyi. Mwishoni mama alifunga mdomo, na sauti ikakoma pamoja naye. Tukakaa katika kimya hicho.

"Rudisha," akasema, akinishika mkono.

Basi sikia, mwanangu. Ukiunganisha vilivyotengana, usilazimishe kila kipande. Tafuta pigo moja la kweli, kisha ukague hadi mwisho, kwa sababu walioanza pamoja huachana kidogo kidogo. Na usiulinde msiba peke yako. Yuko aliyekuwepo, naye anakungoja uje uulize.

Mungu akupe wa kuimba nawe, na siku ya kunyamaza, akupe wa kukaa nawe kimya.