Mayu Aliponiambia Nisiende Kujifungulia Kome

Mama yangu aliniambia nisikanyage nyumbani.

Hatukugombana. Wala sikuiba mume wa mtu. Nilikuwa na mimba tu, tena ya kwanza, tena ya ndoa.

Subirini niwaeleze vizuri, maana mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Naitwa Evelina. Nasuka watu hapa Mabatini, Mwanza. Mdomo wangu wanaujua mpaka Igogo. Ukija kwangu unatoka na nywele nzuri na madongo ya nyongeza, bure kabisa.

Kwetu ni kisiwani Kome, mpaka uvuke kwa pantoni. Huko ndiko aliko mama, ambaye sisi Wasukuma tunamwita Mayu.

Na kwetu mtoto wa kwanza hazaliwi ugenini. Binti anarudi kwa mama yake, anajifungulia pale, ananyweshwa supu mpaka mashavu yanafunika macho, ndipo anarudishwa kwa mume.

Mayu alishajipanga kitambo. Chumba amekisiriba upya, kuku wananenepa. Kila simu ni hiyo hiyo: "Unakuja lini?"

Nami namjibu, "Mayu, mtoto bado hana hata pua, anakuja kufanya nini?"

Sasa mume wangu, Clavery. Mhaya. Anasoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Tumbo hata halijaonekana, keshanikokota kliniki.

Tukamkuta nesi anaitwa Gladness.

"Mimba ya kwanza?"

"Ya kwanza. Labda kama kuna nyingine ilipita bila kupiga hodi."

Akacheka. Akanitoa damu ya vipimo vya kawaida. Halafu akachukua kichupa kingine.

"Na hicho? Cha kwako binafsi?"

"Kuna kipimo kipya tunawafanyia wanaobeba kwa mara ya kwanza," akasema. "Kinatazama kwenye damu kama kondo la nyuma limejishikiza vizuri. Lisipojishikiza, huko mbele presha inaweza kupanda, hata ukapata kifafa cha mimba. Kwenu yupo aliyewahi kukipata? Mama? Dada?"

"Kwetu wehu wapo, wabishi wapo. Kifafa hakuna."

Nilijibu fasta, kama naulizwa bei ya kusuka.

Nikarudi saluni nikamsimulia Winnie, tunayefanya kazi pamoja. Akanitazama kama nimeuza figo.

"Vichupa viwili? Kimoja kinaenda maabara, cha pili kinaenda wapi?"

"Kwa nesi, anaungia mchuzi."

"Cheka tu. Damu ya mimba ya kwanza ni dili, shoga. Shauri yako."

Nikacheka. Lakini kitana kilinidondoka.

Baada ya muda simu ikaita. Gladness. Njoo, tena uje na mume.

Tukakaa mbele yake. Akasema majibu yanaonyesha niko kwenye kundi la kuangaliwa kwa karibu.

"Haina maana kwamba unaumwa. Wala haina maana kwamba lazima utaumwa. Ina maana hatutaki kushtukizwa."

Akanipa vidonge vya aspirini, vile vidogo, kimoja kila jioni. Presha kupimwa mara kwa mara.

"Na kujifungua ni hapa hapa mjini, hospitali yenye upasuaji. Kome usahau."

Hapo masikio yakanisimama.

Siumwi, napewa dawa. Nina kwetu, nakatazwa kwenda. Na Clavery pembeni anaitikia ndiyo, ndiyo, kama yuko kwaya.

Nikajiongeza: hii imepangwa. Wahaya hawa wanataka mjukuu asiguse Usukumani!

Vidonge nikavisweka chini ya godoro. Nikampigia Mayu, nikijua atawasha moto.

"Shikamoo Mayu."

"Marahaba mwanangu. Tumbo linasemaje?"

"Linasema lina njaa. Mayu, hebu cheka kidogo. Watu wa kliniki wamenitoa damu, eti presha yangu inaweza kuja kupanda, nisije huko kujifungua."

Hakucheka.

Nikasikia kuku wake tu wakilia upande wa pili.

"Wametaja kifafa?"

Neno hilo mimi sikulitaja.

"Mayu, umejuaje?"

"Evelina, usije."

Akakata simu. Nikapiga tena, hapokei. Nikapiga mpaka simu ikapata moto.

Mwanamke aliyenisubiri tangu siku ya harusi, leo ananifungia mlango? Kuna mtu kamwingilia. Na mtu huyo nalala naye.

Kesho yake Clavery akatoka na simu nyuma ya nyumba. Nikanyata hadi dirishani.

"Ndiyo mama... hapana, hajui... vidonge sidhani kama anakunywa..."

Kimeumana. Nikamtokea mbele.

"Hajui nini?"

"Nani?"

"Mimi! Mimi ndiye nisiyejua! Unaongea na nani?"

"Na mama yako."

"Kwangu hapokei, kwako anapiga soga? Mmekubaliana nini juu ya tumbo langu?"

Clavery akaangalia chini. "Evelina, hili si langu kulisema. Utamuuliza mwenyewe. Anavuka kesho."

Akavuka kweli. Akaja hana kuku, hana viazi, hana hata mfuko wa dagaa. Mayu kuja mikono mitupu! Hapo nikajua kuna msiba.

Hata maji ya kunywa alikataa.

"Nipeleke kwa huyo nesi."

Tukampeleka, mimi na Clavery. Kufika kliniki, Gladness akamwamkia Mayu, akamvutia kiti.

"Mama, mimba yako ya kwanza ulipata presha?"

"Yangu ilikuwa salama," Mayu akasema. "Lakini usiandike ya kwangu."

Akanishika kiganja kwa nguvu.

"Huyu sikumzaa mimi."

Nikacheka. Kweli nilicheka, nikidhani ni utani. Nikamtazama Clavery. Hakuwa anacheka.

"Aliyemzaa ni dada yangu, Kashindye. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Alirudi nyumbani kujifungua, kama desturi. Miguu ikavimba, uso ukavimba, tukamsifia. Tukasema nyumbani kumemkubali. Akasema kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli mchana kweupe. Tukasema ni wahenga wanamsalimia mtoto. Kifafa kilipomtupa chini, wanaume walikwenda kutafuta mganga. Hakuna aliyetafuta mtumbwi."

"Ulitoka wewe. Yeye hakuamka. Mimi nilikuwa na mtoto anayekaribia kuacha ziwa, nikakunyonyesha wewe."

"Mbona hamkuniambia?"

"Binti ambaye mama yake alikufa kwa kifafa, nani angemuoa? Na kile chumba nilichokisiriba, ndicho alichofia. Nilifikiri ukizaa mle salama, nami nitaweza kukiingia bila kulia."

Mimi Evelina, mwenye mdomo unaojulikana mpaka Igogo, nilikibana tu kile kiganja chake.

Gladness hakunisuta. Aliuliza tu, "Vidonge unakunywa?"

"Naanza leo."

Mayu hakurudi Kome. Alihamia kwetu, akawa mlinzi wa godoro na vidonge.

Miezi ikasonga, presha ikatulia. Mpaka siku moja saluni, mimba imekomaa, Winnie akaniangalia miguu ilivyojaa.

"Shoga, umenawiri! Mimba imekukubali!"

Mayu akainuka kwenye benchi kama kamwagiwa maji ya moto. "Funga mdomo wewe! Evelina, kichwa kinauma?"

Nilitaka nimtanie. Lakini tangu asubuhi kioo cha saluni kilikuwa kinameremeta nyota ambazo wateja hawakuziona.

"Kinauma, Mayu."

Bajaji. Hospitali. Presha juu, sindano za haraka haraka, kisha chumba cha upasuaji.

Nilipozinduka, niliyemwona kwanza ni Mayu. Kashika kitoto cha kike, kidogo kama samaki sato ambaye hajafikisha kipimo cha kuvuliwa, kinapiga kelele za kuchosha wodi nzima.

Mdomo kaurithi.

Tukamwita Kashindye. Mayu akamwinamia akamwambia maneno ya Kisukuma ambayo sitawatafsiria.

Sasa ndugu msomaji. Kile kichupa hakikufukuza ugonjwa, ulikuja. Ila ulinikuta hatua chache kutoka kwa daktari, si ng'ambo ya maji nikisifiwa miguu.

Ukiulizwa kliniki kama kwenu yupo aliyewahi, usijibu fasta kama mimi. Pigia simu nyumbani kwanza. Na nyie wazazi mliofungia vifo kwenye vyumba, semeni, watoto wenu wanazaa.

Kile chumba cha Kome siku hizi ni banda la kuku. Supu naletewa huku huku mjini.