Vigingi vya Kaka Yangu

Watu wakiniuliza kwa nini sikusomea uuguzi, huwa najibu ni maisha tu. Leo sisemi maisha. Walionikosesha ni baba yangu, kaka yangu, na mwalimu wake wa chuo kikuu ambaye hata sura siijui.

Kaka alikuwa anasomea jiofizikia, mwaka wa mwisho. Kwetu Vudee neno lenyewe lilitushinda kulitamka. Mama alisema tu kijana wake anasomea mambo ya chini ya ardhi, na wenzake wa kwaya wakamuuliza kama ni kuchimba makaburi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba imejaa sokoni Same, kahawa yetu haina bei, na kila tulichopata kilipanda basi kumfuata kaka Dar es Salaam. Mimi niliishia darasa la saba. Nilikata majani ya ng'ombe miaka sita, hadi nikapata nafasi ya kusomea uuguzi msaidizi. Barua ilisema wazi: asiyeripoti Jumatatu ya kwanza ya Agosti, nafasi yake apewe mwingine.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo kaka akaja na mashine ndani ya sanduku. Mwalimu wake anataka vipimo vya maji ya chini ya ardhi, tambarare ya upande wa Kwakoa, na anavitaka kabla hajasafiri kwenda Ulaya. Kaka akichelewa, shahada inangoja mwaka mzima.

"Utashuka na kaka yako," baba akaniambia. "Wewe ndiye mwenye mwandiko."

"Na chuo, baba?"

"Utakiwahi. Na huyu akipata kazi atakusomesha hata udaktari."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapigilia vigingi vinne vya chuma kwenye mstari mmoja, unaunganisha nyaya, betri ya gari inapeleka umeme ardhini. Kaka anasoma mshale wa mashine, mimi naandika. Kisha vigingi vinasogezwa mbali zaidi, tunapima tena. Ila ardhi kavu haipokei umeme, kwa hiyo kila kigingi lazima kimwagiwe maji ya chumvi. Kazi ya kumwaga tulimpa mzee mmoja mfugaji wa kijiji cha huko, ambako maji yalifuatwa kwa punda tangu alfajiri.

"Mnatafuta maji?" akamuuliza kaka siku ya kwanza.

"Ndiyo, mzee."

"Kwa kuyamwaga?" Akacheka mpaka akakohoa. "Huko shuleni wamekuharibu, mwanangu."

Alhamisi ya mwisho tulikuwa tumemaliza. Basi langu lilikuwa Jumamosi. Nikang'oa kigingi cha mbali, kikatoka kikavu, na vumbi jeupe. Nikang'oa cha pili, vumbi. Nikafungua daftari nikatazama namba za vigingi vya mbali: zilikuwa zinaruka tu, juu, chini, hazina mpango. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Nikamwita kaka.

Kaka alipomuuliza, mzee hakukana. Kila kigingi alikuwa anakipa kikombe kimoja, maji yaliyobaki kwenye ndoo anawapelekea ndama wake.

"Nimwage maji chini na ndama wananitazama?" akasema. "Na ya chumvi ndiyo wanayoyapenda."

Huyo mzee simlaumu mpaka leo. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

"Tunarudia mistari yote," kaka akasema.

"Mimi Jumamosi naondoka."

"Siku tatu tu, dada. Umeshaniambia zimeharibika, sasa uniache nazo?"

Siku tatu zikawa sita. Maji nikawa namwaga mwenyewe, na kuandika naandika mwenyewe. Nilifika chuoni Alhamisi, mguu una malengelenge. Matroni alinipokea mlangoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napima maji, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Maji ya nani?"

Nikachungulia ndani nyuma yake. Kitanda changu kilikuwa kimeshatandikwa na msichana mwingine.

Kaka alipata shahada yake, tena kwa sifa. Alileta kitabu cha utafiti nyumbani, kimepigwa chapa vizuri, baba akawa anakionyesha kwa mchungaji. Kwenye kurasa za mwanzo kaka amemshukuru Mungu, wazazi, mwalimu wake, na mwishoni vibarua wa kijijini. Kisima hakikuchimbwa kule mpaka mzee wa ndama amekufa.

"Kibarua ndiye mimi?" nikamuuliza.

"Ndivyo inavyoandikwa, dada."

"Haya. Na mimi nitaanza lini kusoma?"

Akamtazama baba. Baba akafunga kitabu polepole, akasema, "Mwache kwanza apate kazi."

Kazi akapata. Wageni wa migodi walifunguliwa nchi, naye akaenda kuwapimia dhahabu. Nilimwandikia barua mbili kumkumbusha ada yangu. Ya kwanza alijibu kwamba anajenga. Ya pili alijibu kwamba kwa umri wangu, pesa ya masomo ingewafaa zaidi watoto wake.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita.