Beringi Iligeuka Bluu, Nikaipaka Grisi

Wasomaji wenzangu, mwenye kosa ni mimi. Si muuza spea, si shetani. Mimi!

Mimi ni fundi wa mashine hapa Eldoret. Kuna msichana nataka kuoa, tumwite Chebet, na babake ana mashine ya kusaga mahindi kule mji mdogo wa Ziwa. Beringi yake, ile pete ya chuma inayoshika mhimili ukizunguka, ilipokufa, kesho yake ikiwa siku ya soko, nani alijitokeza kifua mbele? Mkwe mtarajiwa, bila shaka!

Beringi mpya hubana, haitaki kuingia kwenye shafti, yaani huo mhimili. Dawa yake naijua: unaipasha ndani ya mafuta, inatanuka kidogo, inateleza mahali pake, na ikipoa inashika. Lakini mafuta yanataka subira, na Chebet alikuwa mlangoni na birika la chai.

"Kijana, hii kazi iko na mwisho kweli?" Mzee, babake Chebet, akauliza.

Basi nikachukua moto wa gesi, nikaichoma moja kwa moja. Iliingia vizuri ajabu! Chebet akapiga makofi. Mimi nikaona ukingo umegeuka bluu. Chuma cha beringi kikigeuka hivyo, ugumu wake umekwisha. Nilijua, jamani! Nikaipaka grisi, bluu ikafichika, nikaomba chai.

Siku ya soko, magunia yamepangwa hadi barabarani, beringi ikaanza kulia. Ukaja moshi, halafu kimya. Imekwama, na shafti imechubuka vibaya. Wakulima wakabeba mahindi yao kwa jirani.

"Huyu Mama wa spea ameniuzia feki," Mzee akasema.

Na mimi, kwa mdomo huu ninaolia chakula, nikajibu, "Feki ni nyingi siku hizi, Mzee."

Tukaenda mjini. Mama huyo wanasali naye kanisa moja, lakini Mzee alimwita mwizi mbele ya wateja. Nilikuwa pale, beringi mkononi, nimenyamaza! Mama hakubishana. Aliichukua, akaifuta kwa kitambaa.

"Mzee, ona hii bluu. Imechomwa na gesi. Mimi siuzi beringi za kuchoma."

 Tulipofika Ziwa, Mzee akaniambia, "Kuharibu beringi si kitu, hata mimi nimeharibu. Lakini umeniacha nikatukana mama ya watu, na wewe unajua." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Siku hiyo hakuna aliyeniletea chai, na wazee wangu waliokuwa waje kuzungumza posa wameambiwa watulie kwanza.

Mafundi wenzangu, pasheni kwa mafuta, polepole. Na ukiona bluu, sema ni bluu hapo hapo, hata kama mlangoni kuna mrembo anakupigia makofi!

Kesho naenda kumwomba yule Mama msamaha. Nilimwambia Chebet nitampigia simu nikimaliza. Akasema nisijisumbue, atamuuliza yule Mama wa spea mwenyewe kama nilifika.