Nilivyoikata Physics ya dada yangu kwa kalamu ya wino, nikidhani nachambua majani ya chai

Wakuu, nawasalimu nikiwa Silibwet. Mvua imeanza asubuhi na haina dalili ya kuacha, na mimi sina mahali pa kukaa nikatulia.

Haya ninayoandika yalinipata mimi. Sikusimuliwa. Yale ya kuniaibisha nimeyaacha ndani pia, kwa hivyo mtu asiseme natengeneza.

Nimeona humu wazazi wanasumbuka na hizi pathway za senior school. Mtoto achague STEM, achague sijui Arts, achague michezo. Msichana wangu wa mwisho yuko hapo hapo, mwaka ujao anaingia Grade 10. Wiki nzima nimezunguka nyumba kama mtu amepoteza funguo. Mama watoto ameniambia niende nizungukie nje. Nje kuna mvua. Ndio nimekuja kwenu.

Kwanza mnijue.

Mimi shule niliwacha darasa la saba, baba alipofariki. Lakini ukitoka Bomet kwenda Sotik, ukaona geti imesimama vizuri, haijalala upande mmoja kama mlevi, uliza imetengenezwa na nani. Watakutajia mimi. Nina workshop mbili. Nimejenga nyumba ya mawe. Kuna watu wana degree wananipigia simu wakiniita engineer, na siwakatazi.

Sijisifu. Hiyo ni kuwaelezea tu vile mambo iko.

Sasa turudi miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, na kibanda cha mabati hapa Silibwet, natengeneza baiskeli. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na dada yangu Chelangat. Mama alikuwa na kipande chake cha chai. Alichuma mpaka vidole vikawa vyeusi, na ule utomvu hautoki hata usugue na mchanga.

Chelangat nilikuwa namsomesha mimi, secondary ya wasichana, boarding. Mama hakusoma. Barua ikitoka shuleni, ilikuja kwangu moja kwa moja. Nilijiona baba kabisa.

August moja, Chelangat akiwa Form Two, alirudi nyumbani na karatasi mbili. Moja ni report. Nyingine ni fomu ya kuchagua subjects za Form Three.

Nyinyi vijana wa juzi hamjui. Enzi hizo Form Two ulisoma kila kitu, halafu ukaambiwa acha nyingine. Ukishaacha umeacha. Hakuna kurudi January ukisema nimebadilisha akili. Chini ya fomu kulikuwa na mstari: sahihi ya mzazi au mlezi.

Aliniletea kibandani, mikono yangu ikiwa na grisi.

"Brother, fomu ni hii. Nataka kubaki na Physics."

"Physics ni ya nini?"

"Ya mambo ya stima na mashini."

"Mashini si ziko hapa?"

Akaangalia kibanda. "Hizi zako ni baiskeli."

Wakuu, hiyo iliniingia. Nilijifanya sijasikia, lakini iliniingia.

Hapa lazima nieleze kitu, kwa sababu kosa langu lilitoka hapo. Ukifika buying center na chai yako, unaimwaga juu ya gunia na kuichambua kabla karani hajaipima. Majani mawili na kichwa chake, kile kichipukizi cha katikati, hiyo ni nzuri, inabaki. Jani kubwa, jani gumu, unatupa. Karani akipata magumu anaweza kukurudishia mzigo wote, uubebe mpaka nyumbani na majirani wakikuangalia. Mimi nimekua nikichambua. Mkono wangu ulikuwa unatupa kabla jicho halijaona.

Basi nikapanguza mikono, nikaweka report ya Chelangat juu ya benchi, nikaichambua hivyo hivyo.

CRE, lile somo la dini, sabini na nne. Nzuri. History sabini na moja. Nzuri. Commerce sitini na nane. Inabaki. Nikashuka nayo hivyo mpaka Physics.

Arobaini na moja.

Kati ya yote yale, jani gumu moja. Nikachukua kalamu ya wino nikakata Physics na mstari mmoja mnyoofu. Commerce nikaweka tick. Chini nikapiga sahihi yangu, ile yenye mkia mrefu.

Tena niwaambie ukweli wote. Nilikuwa nimeshatangaza hapa sokoni kwamba dada yangu ataajiriwa benki Kericho, akae nyuma ya kioo. Wauza nyanya walikuwa wanajua. Physics haikuwa kwa hiyo mpango.

Chelangat alikuwa amesimama hapo muda wote. Akasema, "Hujaniuliza."

"Nimeona kwa macho. Niulize nini?"

Akakunja fomu mara nne, akaenda nyumbani. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Report nilibaki nayo. Niliibandika kwa ukuta wa kibanda, juu ya spoku, wateja waone hiyo sabini na nne.

Shule zikafunguliwa, Chelangat akaenda na fomu. Mimi nikaendelea na maisha.

Kama wiki moja baadaye akaja Ouma. Huyu alikuwa fitter kwenye factory ya chai, mtu wa upande wa ziwa, lakini alikuwa amekaa huku mpaka anakemea ng'ombe kwa Kikipsigis. Chain yake ilikuwa imekatika. Nikainama kuitengeneza, yeye akawa anasoma ukuta.

"Omera," akaniita, vile watu wa ziwa humwita rafiki, "hii report ni ya nani?"

"Ya dada yangu. Ona CRE."

"CRE nitaiona siku ya kufa. Hii Physics je?"

"Hiyo achana nayo. Tumeitoa."

"Mmeitoa?"

"Ouma, ni arobaini na moja. Ungeiacha wewe?"

Aliweka kidole kwenye safu ya kando, ile ya nafasi, ambayo mimi sikuwa nimeishughulikia. "Hapa pameandikwa nini?"

"Mbili."

"Mbili kati ya wasichana wangapi?"

Nikasoma. "Mia moja na nane."

"Na hiyo CRE yako ya kuonyesha watu?"

Nikasoma tena. Ilikuwa nafasi ya sitini na tatu.

Ouma akacheka polepole, ile ya kuumiza. "Huo mtihani ulilaza darasa lote chini. Wawili tu ndio waliinua shingo, na mmoja ni huyu wako. Wewe umetupa kichwa, ukabaki na jani gumu. Na mtoto wa chai ndio wewe."

Akaendelea, sasa bila kucheka. "Kule kwetu factory panel ya stima ikikataa tunangoja mtu atoke Nakuru. Majani inaoza tukiiangalia. Ungekuwa na mtu wa Physics nyumbani na unampeleka akahesabu noti za wengine?"

Alilipia chain yake akaenda.

Wakuu, siku hiyo sikufanya kazi. Nilifungua hub moja nikaifunga, nikaifungua tena. Mteja mmoja nilimrudishia gurudumu limeangalia nyuma. Nilisimama, nikakaa, nikatoka nje kuangalia barabara kama kuna mtu nangoja. Nilitoa report kwa ukuta, nikairudisha, nikaitoa.

Nyumbani mama alikuwa ananawa mikono kwa karai.

"Weri, una nini?" Huku kwetu hata uote mvi, kwa mama wewe ni weri, kijana wake.

"Hakuna."

"Kaa basi."

Sikukaa. Aliniangalia kama mtu ana neno, halafu akaendelea kunawa.

Kesho yake asubuhi nilivaa shati nyeupe nikapanda baiskeli kwenda shuleni. Ni milima mitupu na barabara ilikuwa matope. Njia yote nilikuwa natengeneza maneno. Kwanza nikapanga kusema fomu ina makosa, bila kutaja ni ya nani. Mlima wa pili nikapanga kusema dada yangu alikosea kujaza, ni mtoto, wasamehe. Hiyo ilinipendeza. Nilipofika getini nilikuwa nimeikariri.

Nilipelekwa kwa mwalimu wa Physics, mama mmoja mfupi mwenye miwani. Fomu zote zilikuwa mezani kwake zimefungwa kwa uzi.

"Nimekuja kwa ajili ya Chelangat," nikasema. "Fomu yake ilijazwa vibaya."

"Na nani?"

Nilifungua mdomo kusema na yeye mwenyewe. Haikutoka. Yule mama alikuwa ananiangalia juu ya miwani, na mimi nina matope mpaka magoti.

"Na mimi," nikasema. "Niliona arobaini na moja nikakata. Sikuangalia nafasi. Mimi nilifika darasa la saba."

Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisema darasa langu mbele ya mtu bila kuongeza kibanda wala baiskeli nyuma yake.

Akafungua uzi, akapekua, akatoa moja. Aliisoma juu mpaka chini.

"Sioni makosa," akasema, akanigeuzia.

Physics ilikuwa na tick. Commerce ndiyo imekatwa. Mwandiko ulikuwa wa Chelangat. Na chini, pahali pa sahihi, mkia wangu haukuwepo. Kulikuwa na alama ya kidole gumba. Wino ulikuwa wa zambarau, na katikati ya zambarau unaona mistari myeusi ya ngozi iliyopasuka, ile ambayo haitoki hata usugue na mchanga.

Kando yake mtu alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: hiki ni kidole cha mama yake, amekiweka mbele yangu, karani wa buying center.

Wakuu, mnaelewa? Mama alibeba fomu mpaka buying center akaomba ile pedi ya wino ya karani. Pale mbele ya line. Kumaanisha majirani wote walijua. Siku zile zote ninawahubiria habari ya benki, walikuwa wananiangalia tu na kuitikia.

"Hii fomu ameitoa wapi?" nikauliza.

"Siku ya kufunga aliniomba mbili," mwalimu akasema. "Nilimuuliza ya pili ni ya nini. Akaniambia ni ya kuharibika."

"Na ile nyingine?"

"Hatujaiona. Mama ni mzazi. Wewe ni nani?"

"Mlezi."

"Fomu inasema mzazi au mlezi. Mmoja anatosha." Akaifunga tena. "Nimwite dada yako?"

"Hapana. Na tafadhali usimwambie nilikuja."

Kurudi nilishuka milima bila kukanyaga pedal. Nilikuwa nimeenda kuokoa mtu, nikapata alishaokolewa kabla sijajua anazama.

Mama nilimpata shambani, kikapu mgongoni. Nikasimama kwa mistari ya chai karibu naye.

"Nimetoka shuleni."

"Nimeona matope."

"Mbona hukuniambia?"

Aliendelea kuchuma. "Hukuniuliza."

Neno lile lile la Chelangat. Na kweli sikuwa nimemuuliza. Tangu baba afe sikuwa nimemuuliza kitu chochote cha shule, kwa sababu hajui kusoma. Nikachukua kikapu kingine nikaanza kuchuma kando yake, na shati yangu nyeupe. Jirani akapita kwa njia, akasema, "Leo fundi amekosa baiskeli?" Nikaendelea kuchuma.

Mengine nifupishe. Chelangat hakupata A, nisiwadanganye. Lakini Physics ndiyo ilimpeleka polytechnic akasomea mambo ya stima, na leo yuko factory moja upande wa Sotik. Panel ikikataa wanamwita yeye, hakuna kungoja mtu wa Nakuru. Geti ya hiyo factory, kwa wale hawajui, nimetengeneza mimi.

Mpaka leo hajui nilienda shuleni. Na mimi sijawahi kumuuliza ile fomu yenye mkia aliipeleka wapi. Tukikutana Christmas tunaongea habari ya ng'ombe.

Funzo langu ni hili. Nilidhani kwa sababu ni mimi ninalipa, ni mimi ninaona. Alama niliiona. Msichana alikuwa amesimama mbele yangu na sikumwona, na mama nilikuwa nimemtoa kwa hesabu kabisa.

Sasa jana huyu wangu wa mwisho ameleta karatasi yake ya pathway. Matokeo yako hapo kando. Nikajikuta mkono umeingia mfukoni unatafuta kalamu. Nikautoa mtupu.

Nikamuuliza, "Kogo ameona hii?" Kogo ni nyanya yake. Mama yangu bado yuko, na bado anaiba njia anaenda shambani tukimkataza.

"Nilianzia huko, baba."

Nikageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na alama ya kidole gumba, haina wino, ni ule weusi wa utomvu wa chai tu. Haihitajiki. Siku hizi mambo haya wanajaza kwa computer huko shuleni.

Nikamwambia mtoto akae, anieleze moja moja, na mimi nitauliza.

Wenye watoto wa Grade 9, nyinyi mnachagua nao ama mnawachagulia? Na kama kuna mtu alikatiwa somo lake na mzazi miaka hiyo, aandike lilikuwa gani. Nitasoma zote. Mvua bado, na leo siendi popote.