Gari la Mkate Nililolifanya Nyumba

Kazi yangu ni kutengeneza mabomba ya kunyunyizia mashamba huko Mitunguu, ambako ndizi hunywa maji kuliko ng'ombe. Kwetu ni Kibugu, kwenye chai na ukungu, na huko ndiko anakokaa mke wangu Ruguru. Tangu tuoane nimekuwa mume wa wikendi. Adrian wetu alipoenda shule ya bweni, nilimwomba Ruguru ahamie kwangu. Alikataa. Alisema chai haingoji mtu, halafu akakitaja chumba changu cha kukodi, ambamo jirani akipiga chafya ng'ambo ya ukuta mimi ndiye ninayefuta pua.

"Siwezi toka kwa nyumba yangu niende kuishi kwa sanduku," alisema.

Mtu mwenye akili angetafuta chumba kikubwa. Mimi nilinunua gari.

Kazi yangu huhama shamba hadi shamba, hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba nilikuwa nimeona kwenye simu Wazungu wawili wakinywa kahawa mlangoni mwa nyumba yenye magurudumu. Hawakuonyeshwa wakitafuta choo. Gari langu lilikuwa la kusambaza mkate, mali ya mzee Munyi wa Kianjokoma, aliyeapa kwamba injini yake haijawahi kufunguliwa. Nilimwamini. Baadaye niligundua kwamba haikufunguliwa kwa sababu boneti ilikuwa imeshikana kwa kutu.

Nililitengenezea Kibugu, mwezi wa Julai. Julai ya kwetu jua hulioni, nguo hukaa kambani wiki nzima, na Ruguru hulala na soksi mbilimbili na bado miguu yake ni barafu. Nikajiapiza kwamba baridi haitamgusa mke wangu humo ndani. Nikabandika sponji kuta zote na dari, nikapigilia plaiwudi juu yake, nikaziba kila tundu kwa silikoni. Dirisha nililoacha lilikuwa moja, dogo, lisilofunguka. Jirani yetu Susan aliingia kukagua, akasema hata upepo wa mlimani utagonga hodi na kurudi. Nilivimba kichwa. Fundi wa maji nikajiona mhandisi.

Ruguru alikubali kuja kuangalia tu. "Jumatatu narudi kuchuma," alisema, akavaa jaketi lake zito na kupanda mbele. Tulipoteremka kuelekea Mitunguu alivua jaketi, kisha sweta, kisha leso ya kichwani. Mimi niliendelea kumsifia plaiwudi.

Tuliegesha katika shamba la Muthamia, mkulima ninayemtengenezea mabomba. Nikafungua mlango wa nyuma kama bwana harusi. Joto lililotoka lilinipiga uso kama ninayefunua sufuria ya mukimo wa viazi ikiwa bado motoni. Ruguru aliingia hivyo hivyo, akaketi kitandani, na jasho likaanza kumtiririka. Kopo la siagi tulilobeba lilikuwa limegeuka mafuta.

"Baba Adrian," alisema polepole, "umefanya kazi huku tangu lini?"

"Tangu Adrian akiwa nasari."

"Na huwa kuna baridi?"

"Hakuna."

Muthamia alikuwa amechungulia nyuma yangu. "Fundi, kwani hukuambiwa mkate uliingia humu ukiwa unga, ukatoka umeiva?" Akaenda zake akicheka mpaka mferejini.

Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira, maana ndivyo nilivyo. Nikampigia kelele Ruguru, aliyekuwa hajanikosea lolote, kwamba kama hapendi nitamrudisha leo leo. Lakini moyoni nilikuwa na hofu. Akirudi safari hii, hatakuja tena, na sisi tutazeeka kila mtu na kwake.

Ruguru alibonyeza ukuta kwa kidole, plaiwudi ikaitikia. "Sponji yote hii ulikuwa unaweka ya nini?"

"Ya miguu yako."

Nilisema hivyo nikitazama chini. Yeye akaomba nyundo.

Alianza na dari. Mimi nilishika upande wa pili, na tukabomoa kazi yangu ya Julai, misumari ikiruka, silikoni ikitung'ang'ania vidole. Tulikata madirisha mawili makubwa, moja likiwa limepinda kwa sababu mkataji ni mimi. Upepo ukapita. Sponji tuliitandika chini ya migomba, Ruguru akajilaza juu yake, akavua viatu, akaipeleka miguu juani.

Akachukua simu. Nilijua anauliza gari la kurudi, nikajifanya nafunga kifuko cha misumari.

"Susan, nichumie majani wiki hii," alisema. Akasikiliza kidogo. "Eeh. Na wiki hiyo ingine pia."