Picha za Suguti

Simu ya kwanza kubwa ya baba nilimnunulia mimi, mwaka mmoja baada ya mama kufariki. Kabla ya hapo alikuwa na kitochi kilichofutika namba zote kwenye vitufe, na siku moja kilimdumbukia kwenye hori la maji ya ng'ombe, kikafa pamoja na namba za watu wote aliowajua. Wiki mbili nzima alikaa Butiama bila mawasiliano, peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne. Mimi nilikuwa Bunda, katibu muhtasi ofisini, kila asubuhi nampigia jirani kuuliza kama mzee ameamka salama.

Sisi tuko watatu, na mimi ndiye wa mwisho. Kaka anaishi Musoma, ana duka la nyavu na kamba za uvuvi. Dada naye ameolewa hukohuko Musoma. Mama alipougua, kaka alitoa gari na dada alileta vyakula, lakini aliyeomba likizo bila malipo na kukaa na mama miezi mitano, kumuosha, kumlisha na kumgeuza kitandani, alikuwa ni mimi. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu baadaye hilohilo lilinigeuka.

Ofisini kwetu tuliwahi kuletewa mtu wa kutufundisha mambo ya simu na kompyuta. Alituonyesha kwamba ukiviunganisha vinakuwa kama kitu kimoja: picha uliyopiga kwa simu unaikuta kwenye kompyuta bila waya, ahadi uliyoiandika kwenye kalenda ya huku inalia na kule. Wenzangu walisinzia. Mimi niliandika kila kitu kwenye daftari, kwa sababu nilikuwa namfikiria baba.

Nikaenda Butiama na simu mpya kwenye boksi lake. Nilimwekea kengele ya dawa za presha, asubuhi na jioni. Nilimwekea programu ya hali ya hewa, masomo ya misa ya kila siku, redio, na ile ya kukuza maandishi ili asome vibandiko vya chupa za dawa za ng'ombe, ambavyo alikuwa anavisoma kwa kukisia. Nilimfundisha kupiga picha ili akimwona ndama anakohoa amtumie bwana mifugo. Mwisho kabisa nikamfungulia akaunti, neno la siri nikaliweka mimi, nikaiunganisha na kompyuta yangu ya ofisini.

Nikamwambia, "Baba, vitu vyako vyote vitakuwa na nakala kwangu. Hata simu ikidumbukia tena, havipotei."

Akasema sawa. Alikuwa anatafuta redio.

Shida ni kwamba akifundishwa leo, kesho amesahau. Alikuwa anahitaji mtu wa karibu. Nikamfikiria Madamu.

Madamu alinifundisha darasa la tatu, na hadi leo hakuna anayemwita jina lingine. Kwao ni Suguti, lakini aliolewa Butiama, akafiwa na mume zamani, akastaafu akabaki kwenye nyumba yake, hatua chache kutoka kwetu. Wakati wa ugonjwa wa mama, yeye ndiye aliyekuwa akija mchana na kuniambia nikalale kidogo. Kuna siku niliamka nikamkuta anamchana mama nywele huku anamsimulia habari za wanafunzi wake wa kwanza. Nilimpenda sana kwa siku ile.

Basi nikaenda kwake mwenyewe kwa miguu yangu, nimebeba sukari na kanga ya asante, nikamwomba amsaidie mzee na simu yake. Alicheka, akasema kumfundisha mtu mzima ni kazi kuliko darasa la kwanza, lakini atajaribu.

Kwa miezi mingi baada ya hapo, kitu cha kwanza nilichofanya nikifika ofisini ni kuangalia picha za baba. Zilikuwa zinaingia zenyewe. Ng'ombe, ng'ombe tena, jani la muhindi lenye viwavi, mguu wake mwenyewe aliopiga kwa bahati mbaya. Kila Jumapili baada ya misa kulikuwa na picha ya kaburi la mama. Wakati mwingine moja, wakati mwingine nne tano, zote za upande uleule. Hiyo nilikuwa naikuza, naangalia kama majani yamefyekwa, halafu nafunga naanza kazi. Sikuwahi kumwambia kwamba naziona. Ilinitosha kujua kwamba na yeye hajamsahau.

Taratibu picha zikawa nzuri. Hazikupinda tena. Ikaanza kutokea moja moja ya baba mwenyewe, amesimama shambani na jembe begani, anacheka. Niliifurahia nikaiweka iwe ya mbele kwenye kompyuta yangu. Haikunijia hata mara moja kujiuliza ni nani aliyeshika simu.

Halafu ikaja kalenda. Baba alikuwa anaandika mambo yake mafupi mafupi: kuogesha ng'ombe, presha, mkutano wa pamba. Jumatano moja nikaona kwenye Jumamosi ya wiki mbili mbele ameandika: Suguti. Suti.

Nilidhani kuna msiba. Nikampigia, nikamwambia nataka kuja Jumamosi hiyo, atakuwepo? Akasema hatakuwepo, ana miadi ya macho Musoma na atalala kwa kaka. Nikampigia kaka. Naye akasema ni kweli, kuna daktari wa macho anakuja, tena alinijibu kabla sijamaliza kuuliza. Nikaona labda baba amechanganya tarehe, nikaacha.

Wiki hiyohiyo dada alikuja Bunda. Alikula kwangu mchana, ugali na sato, na pembeni ya kiti aliweka mfuko mkubwa wa kitenge. Nilikivuta nikakiangalia, zambarau yenye ndege wa njano. Nikamwambia ni kizuri, cha nini kingi hivyo? Akasema ni sare ya kwaya. Nikamshauri asishone mikono mirefu kwa joto la Musoma. Alinisikiliza vizuri kabisa, akanishukuru, akaosha mikono akaondoka.

Jumatatu baada ya Jumamosi ile nikafika ofisini, nikawasha kompyuta, picha zikaanza kushuka. Huko Suguti nadhani mtandao ulikuwa haushiki, kwa hiyo zilikuja zote kwa mkupuo. Ya kwanza ilikuwa ua wa nyumba nisiyoijua na viti vya plastiki vimepangwa. Ya pili ni baba, ndani ya suti ya kijivu. Suti ile nilimshonea mimi kwa misa ya mwaka mmoja wa mama.

Kaka alikuwa pembeni yake na shati la kitenge cha zambarau chenye ndege wa njano. Mke wa kaka, sare. Dada na mumewe, sare. Dada hakuweka mikono mirefu. Watoto wao wote, sare. Nikaendelea kufungua. Wazee wa upande wa pili wanaongea. Ng'ombe wawili wamefungwa kamba, na mmoja nilimjua, nilikuwa nimemwona tangu akiwa ndama kwenye kompyuta ileile. Halafu Madamu anatoka ndani kati ya wanawake wawili, ameinamisha uso, amejifunga kanga. Halafu Madamu na baba wameketi pamoja.

Mkuu wangu wa kazi alisimama mlangoni akauliza barua yake iko wapi. Nikamwambia dakika tano. Niliichapa nikakosea tarehe, nikachapa tena nikakosea palepale.

Kilichoniuma kuliko vyote ni zile sare. Watu wakikuficha jambo la ghafla unaweza kusema walipitiwa. Lakini sare inanunuliwa kitambaa, watu wanapimwa, fundi anadanganya siku, mnarudi kujaribisha. Watoto wadogo wa darasa la kwanza walikuwa wameambiwa shangazi asijue, na wakaweza kunyamaza.

Mchana nikampigia dada. Sikumsalimia. Nikamwambia nimeona Suguti palikuwa pazuri.

Akauliza, "Nani amekwambia?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Nikamwambia hakuna aliyeniambia, nimeona kwa macho yangu. Akaanza kueleza kwamba walikuwa wananilinda mimi, kwamba mimi na mama tulikuwa karibu sana, kwamba nisingeweza kustahimili. Nikamuuliza wananilinda na nini.

"Ungelia pale mbele za watu," akasema. "Ungeharibu siku ya mzee."

Nikakata simu. Kumbe miezi mitano ile niliyomuuguza mama ilikuwa imenifanya niwe mtu wa kuogopwa nyumbani kwetu.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Butiama. Nilimkuta Madamu jikoni kwa mama, anapepeta mtama kwenye ungo. Nikasema shikamoo, akaitikia, akaniita mwanangu kama alivyokuwa akiniita siku zote. Hakuzunguka.

"Niliwaambia wakuambie," akasema. "Mara mbili. Baba yako akasema atakwambia mwenyewe."

"Namba yangu ulikuwa nayo, Madamu."

Akaweka ungo chini. "Nilikuwa nayo," akasema.

Mpaka leo huwa nafikiri angetoa sababu yoyote ningegombana naye, tukalia, yakaisha. Alikubali kosa, nikabaki nalo mkononi sina pa kuliweka.

Baba alikuwa sebuleni. Alinikaribisha, akaniuliza habari za Bunda, akauliza kama mvua imenyesha. Nikajibu yote. Halafu akauliza nilijuaje. Nikamweleza, polepole, jinsi simu yake ilivyounganishwa na kompyuta yangu, na kwamba kila picha anayopiga inafika kwangu.

"Zote?" akauliza.

"Zote, baba."

"Na za kaburini?"

"Na hizo."

Aliichukua simu mezani akaigeuza uso chini. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu nimeyapanga tangu Bunda, na nikaona yote yananitoka.

"Zile nilikuwaga napiga za kwangu mimi na mama yako," akasema. "Hukuniambia unaniangalia."

"Nilikwambia baba, siku ile ya kwanza."

"Uliniambia nikiwa natafuta redio."

Ni kweli. Nilikuwa nimemwambia hivyo ili nionekane nimesema. Nilijua hakuelewa, na niliona ni nafuu asielewe. Lakini sikwenda Butiama kuomba radhi, na siku ile sikuomba. Nilimuuliza kwa nini mimi peke yangu, kwa nini watoto wa kaka wajue na mimi nisijue.

Nje ndama alikuwa analia, na nilimwona anataka kuinuka aende, akajizuia.

"Kwa wenzako nilikuwa naomba baraka," akasema. "Wewe ndiye uliyemuosha mama yako. Kwako nilikuwa naona aibu."

Kisha akaomba nimtolee huo muunganiko. Nikautoa palepale, mbele yake. Haikuchukua hata dakika kumi. Nikamwambia achague neno la siri lake mwenyewe, nikatoka nje ya chumba asije akafikiri nachungulia, na Madamu akaingia kumwandikia kwenye daftari. Nilisimama ukumbini nawasikia wanabishana kwa sauti ya chini kama neno lianze na herufi kubwa au ndogo. Walikuwa wameshakuwa mke na mume kwa namna hiyo, kabla hata ya padri kuwaombea.

Ndoa ya kanisani ilifungwa miezi miwili baadaye. Dada alinitumia kitenge kwa kondakta wa basi la Musoma, kimekunjwa vizuri kwenye gazeti. Sikukishona. Nilikwenda na gauni langu la bluu la kazini, nikakaa benchi la katikati, nikaimba nyimbo zote. Mpiga picha alipoita watoto wa bwana harusi nilisimama mwisho, na kwenye picha ile iliyoko ukutani kwa baba, zambarau zote zinaishia kwangu.

Siku hiyohiyo niligundua pia kwamba kulikuwa na grupu la familia la simu ambalo mimi sikuwemo, lenye jina la Suguti. Waliniingiza baada ya keki. Nilijitoa baada ya siku mbili. Nikiulizwa nasema bando liliisha.

Baba nimeshamsamehe, au nafikiri hivyo. Madamu nampa heshima yake, nampelekea sukari, lakini mama sijamwita. Dada ndiye mgumu. Tunasalimiana, tunachangiana misiba, akija Bunda anakula kwangu. Nikimwona na mfuko wowote nauangalia, na najua kwamba ananiona ninavyouangalia.

Mwezi uliopita baba alikuja Bunda kwenye mkutano wa wakulima wa pamba, akapita ofisini kusubiri basi. Nikampa kiti karibu na feni. Akatoa simu, akasema nije anionyeshe picha. Nikasogea. Alikuwa anazipitisha kwa kidole, huyu ni ng'ombe mpya, hili ni paa tumelirudishia, na akifika kwenye nyingine anaipitisha haraka bila kueleza, na mimi nageuza macho dirishani mpaka aseme tena tazama hii. Tuliendelea hivyo nusu saa nzima.

Mwenzangu wa meza ya pili alimsifu. Akasema mzee huyu anaijua simu kuliko sisi, nani kamfundisha?

"Mke wake," nikasema.

Baba alikuwa ameinamia simu. Hakuinua uso. Akaniuliza kama hapa ofisini maji ya kunywa yapo.