Mwanamke wa Ndoo Kwenye Pembe ya Picha

Anestis aliigundua Australia baada ya kustaafu. Kabla ya hapo alikuwa ameishi humo tu. Nchi hiyo kwake ilikuwa kiwanda cha matairi, kanisa, na ua wa nyuma wa nyumba yake katika mtaa wa Oakleigh, alikopanda mindimu iliyoshika na mzeituni uliokataa kuzaa. Kisha akapewa tiketi ya wazee ya kupanda treni, na siku ya kwanza tu akasinzia akapitiliza mpaka mwisho wa reli, milimani. Alirudi jioni na gome la mkaratusi mfukoni.

"Stamatia, njoo unuse!"

"Mimi nimefiwa," mkewe alijibu bila kugeuka jikoni. "Ninuse nini?"

Kwetu Wagiriki, aliyefiwa havai rangi, hasikilizi muziki, wala haendi kutembea kwa ajili ya kufurahisha macho. Stamatia alivaa nyeusi mama yake alipofariki kijijini Ugiriki. Kabla hajaivua, simu ikalia tena: baba. Halafu dada mkubwa. Halafu shangazi aliyemlea. Waliondoka kwa zamu ambayo haikumpa nafasi ya kubadilisha gauni. Sisi watoto wa majirani, tuliomwita Shangazi Stamatia na mumewe Mjomba Anestis, tulikua tukidhani alizaliwa hivyo.

Basi Mjomba akawa anatembea peke yake. Alimwona ndege mwenye mkia kama kinubi, anayeiga mlio wa msumeno hata unamtafuta mkata miti. Aligundua kwamba mikaratusi haipukutishi majani, inapukutisha maganda, na kwamba shina lililobaki, likilowa mvua, linakuwa la waridi kama ngozi ya mtoto. Siku moja mvua ilimkimbiza ndani ya jumba la sanaa la mjini, naye akatoka humo mlinzi alipoanza kufunga milango.

"Kuna picha moja," alitusimulia mezani, sahani ya mboga za porini ikipoa mbele yake. "Korongo kavu, miti myeupe, jua kali la mchana. Na pale pembeni chini, mwanamke mdogo wa nguo nyeusi, amebeba ndoo. Wewe kabisa, kunguru wangu! Hata shingo ni yako. Twende ukajione."

"Nijione kwenye kioo, bure."

"Kunguru angalau anaruka. Wewe umekaa tu."

"Na wewe ruka, mwendawazimu. Ukianguka wataniletea msiba mwingine."

Tulicheka, naye alicheka. Lakini kila aliporudi kutoka mjini alikuwa amepita kuiangalia tena ile picha, na kila mara alimwomba mkewe upya.

Kisha macho yakaanza kumpotea. Ulikuwa ugonjwa unaokula katikati na kuacha pembeni, hata akawa anatutazama masikio ili atuone pua. Daktari alimwambia hayatarudi. Mjomba hakulalamika, ila jioni ile aliacha utani kabisa.

"Stamatia, twende wiki hii. Bado naona kidogo. Nataka tusimame pale pamoja, mimi nione na wewe uone. Basi, sitakuomba kingine."

Kaka wa Stamatia alikuwa amezikwa wakati wa Kwaresima.

"Mwaka wake uishe kwanza," alisema. "Watu wa kijijini watasema nini? Kaka hajaoza, mimi niko kwenye mapicha?"

Mjomba alipapasa mkate, akaumega.

Mwaka haukuwa umeisha. Siku ya Bikira Maria, mwezi wa Agosti, mdogo wake Stamatia, Evlampia, alipiga simu ya picha kutoka kijijini. Nilikuwa nimemshikia Shangazi simu, maana vidole vyake vilikuwa na unga. Nyuma ya Evlampia palikuwa na meza, watu, na zumari linalia. Naye alikuwa amevaa gauni jekundu kama cheri.

"Evlampia! Umevaa nini?"

"Gauni. Limenikaa, eh?"

"Na kaka?"

"Kaka tumemfanyia arobaini, tumekula ngano ya kumkumbuka, Mungu amrehemu. Ee dada, hilo vazi bado unalo? Huku siku hizi hata wajane wanavua. Ninyi mlioko huko ndio mnatuwekea mila kwenye friji!" Akacheka, na watu nyuma yake wakacheka.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza, dada."

Shangazi alinawa mikono, akaifuta taratibu, kidole kwa kidole. Kesho yake alitoka chumbani amevaa gauni la kahawia ambalo sikuwahi kuliona, linanukia dawa ya nondo.

"Anestis," alisema, "nipeleke kwenye ile picha."

Mjomba aligeuza uso kuelekea sauti. Wakati huo alikuwa akitofautisha dirisha na ukuta, basi.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa."

Niliwasindikiza. Njia aliijua kwa miguu: ngazi, kushoto, ukumbi wenye sakafu inayolia. Akasimama mahali penyewe hasa na kunyoosha mkono. "Hiyo."

Shangazi aliitazama kwa muda mrefu.

"Umejiona?" Mjomba aliuliza.

"Nimemwona. Ndoo kama hiyo ninayo." Akasogea, akainama mpaka mlinzi akakohoa. "Lakini Anestis, huyu hakuvaa nyeusi. Amevaa buluu."

"Nyeusi."

"Buluu, mume wangu. Kama maua."

Mjomba alinigeukia, nami nikasema ndiyo, ni buluu.

"Basi mimi nilikuwa naona nilichozoea," alisema mwishowe.

Kwenye treni ya kurudi Shangazi alikaa dirishani, mkono wa mumewe mapajani mwake.

"Niambie kinachopita," Mjomba alisema.

"Mti."

"Upi?"

"Mrefu. Una... una maganda." Akageuza shingo. "Mwingine huo. Huu una maua mekundu."

"Unaitwaje?"

Alikuwa amezaa watoto watatu katika nchi ile na kuwaoza wote. Aliweka kipaji cha uso kwenye kioo, akaufuata mti ule mpaka ukapotea nyuma yetu.

"Sijui, Anestis," alisema. "Sijui unaitwaje."